Siku Niliyotiwa Seli

Upara wangu niliufunika kwa kofia kwa sababu haumhusu mtu. Juzi nikaenda kliniki wanakochukua seli kisogoni, penye nywele, na kuzidunga utosini ziamshe nywele zilizolala. Kwa usomi wangu nikamtumia mama ujumbe wa sauti: “Mama, usiningojee chakula. Leo natiwa seli. Usimwambie mtu.”

Jioni nafika nyumbani Magongo, ua umejaa majirani wanaomba dua nitoke ndani. Mama ameshazunguka vituo vya polisi kunitafuta. Akaona bendeji inachungulia chini ya kofia.

“Wamekupiga wapi, mwanangu?”

Kabla sijajibu, akaivua kofia. Ua mzima ukasogea kuutazama upara.

“Tazameni vizuri,” nikawaambia. “Na mwezi ujao narudi seli.”