Mtu wa Nyumba ya Tatu

Chumba cha michezo ya video cha mtaa wetu, Kavimvira, kilinuka mazutu, ile dizeli ya jenereta, na ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, walioanikwa uani. Mpaka leo nikikutana na harufu hizo mbili pamoja, nabadili njia. Likizo kubwa ile nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Papa Elize, mwenye chumba, alikuwa ameleta kutoka Bujumbura toleo jipya la mchezo wa vita tuliouita Kamanda. Tulikuwa tumelisubiri kama Noeli. Kumbe lilikuwa lilelile! Bunduki zilibadilishwa rangi, kamanda akaota ndevu, lakini kijiji kilichoungua kilikuwa kile cha mwaka uliotangulia na wa kabla yake, na katika nyumba ya tatu alitoka mtu yuleyule, mikono juu, akikimbia. Waliotengeneza mchezo walikuwa wamechoka, nasi tukachoka nao. Mtu yule tulimjua mno, hata tukawa tunaupiga mlango risasi kabla haujafunguka. Ndiyo raha pekee iliyokuwa imebaki, na nakiri kwamba niliivumbua mimi.

Sheria ya chumba ilikuwa moja: ukifa, unampa mwenzako maneti, kile kidude cha kuchezea. Lakini mwenzetu Bahati hakufa. Alikuwa ameteremka kutoka Rurambo, kule milimani, miezi michache nyuma, akakaa kwa shangazi yake, jirani yetu, na nje ya chumba kile hakuwa na rafiki. Mtoto wa wachungaji wa ng'ombe, alimpitisha askari wake ubavuni mwa kilima, mbali na njia, akijibanza nyuma ya mawe bila kufyatua hata risasi moja. Sisi tulikaa kwenye benchi tukingoja zamu isiyofika. Hasira zikatupanda, tukatunga sheria nyingine: asiyempiga mtu wa nyumba ya tatu anatoka, na harudi tena.

"Piga!" Sauti ya kwanza ilikuwa yangu. Wenzangu wakadakia: "Piga, Bahati! Weye unaogopa nini?"

Mlango ukafunguka. "Huyu muntu hana bunduki," Bahati alisema polepole. "Iko anakimbia tu."

"Si ni mchezo! Piga!"

Akafumba macho, akapiga. Kisha akaiweka maneti juu ya kigoda, akatoka, akatapika ukutani. Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Jioni ile shangazi yake alikuja kwetu akilia, ndipo nikaambiwa. Kule Rurambo watu wenye silaha walimpiga risasi baba yake Bahati akitoka nyumbani, mikono juu, na mtoto alikuwa nyuma yake. Mama akaniuliza nani alianza kupiga kelele. "Ni wale wengine," nilijibu. Akaniamini, akanifuta machozi, nami nikaona aibu mpaka kwenye mifupa. Bahati hakukanyaga tena chumba kile, na kabla shule hazijafunguliwa shangazi yake alihamia Luvungi pamoja naye.

Sasa mimi ni baba. Mchezo wa Kamanda bado unatolewa, na mwanangu, anayeucheza kwenye simu, analalamika kwamba hauna jipya. Vita vyetu navyo vinarudi hivyohivyo, kila mara kwa jina jingine, na watu walewale wanakimbilia mpakani na magodoro kichwani. Wengine husema wamezoea. Mimi sijazoea, na siku hizi nachukia hata kelele za mchezo ule nyumbani kwangu.

Mwezi uliopita nilipanda pikipiki pale Luvungi, na dereva alikuwa Bahati. Tulipofika nilishuka, nikamwambia jambo nililolificha miaka yote: aliyeanza kupiga kelele siku ile ni mimi.

"Najua," alisema. "Sauti yako niliijua. Kesho yake mama yako alikuja kunipa pole, na bugali na ndagala. Akaniambia, 'Mutoto wangu hakusema kitu.' Minye nikamuitikia tu: 'Ndiyo, mama.' Alifurahi sana."