Tovuti ya Kanisa Iliyofungua Kamari

Ukitaka kumuudhi Phelister, mwambie intaneti yake ina shida. Mama huyu wa Buruburu anaziuzia nyumba sitini intaneti kutoka chumba chake cha nyuma, na mitambo yote ameipanga kwa mkono wake. Lakini Jumatatu ile hakuudhika, aliogopa. Kila aliyefungua tovuti ya kanisa lao kupitia mtandao wake alitua kwenye ukurasa wa kamari.

Kwa data za simu, tovuti ilifunguka vizuri. Basi mchawi alikuwa ndani ya mtandao wake, na nywila walikuwa nayo watu wawili tu: yeye na fundi wake, Luseno. Na Luseno, jamani! Mwalimu wa kwaya, sawa, lakini miaka mitatu iliyopita kamari ilimfanya auze mpaka kitanda, ndipo akaja kutubu mbele ya kanisa zima huku machozi yakimtiririka.

Phelister hakumuuliza kitu. Alimchunguza. Mbona anatoka nje kupokea simu? Mbona leo mkimya hivi? Akabadilisha nywila kimyakimya, na Jumatano kamari ikawa bado ipo. Ameacha mlango wa siri, alijiambia. Akamnong'oneza Mchungaji Bwire, naye akamtaka Luseno apumzike kufundisha kwaya mpaka mambo yaeleweke. Luseno mwenyewe akaweka simu yake mezani ikaguliwe. Haikupatikana na kitu, na hilo nalo likamzidishia Phelister shaka.

Alhamisi akaamua kumtafutia ushahidi wa mwisho. Akaingia kwenye seva ya DNS, ile mashine inayopewa jina la tovuti ikatafuta namba ya mahali ilipo. Ikishaipata huiweka kwenye keshi, yaani kumbukumbu yake, na baada ya siku moja hutakiwa kuitupa. Namba ya kanisa haikuwa imetupwa. Ilikuwa ile ya zamani, kabla kanisa halijahamisha tovuti mwezi uliopita, na wiki hii namba hiyo ilikuwa imepewa kampuni ya kamari. Faili ya keshi ilikuwa imeharibika siku stima ilipopotea ghafla, tarehe zake zikavurugika. Kila mashine ilipozimwa na kuwashwa, ilisoma faili ileile mbovu. Na aliyeipangia kufanya hivyo ni Phelister mwenyewe, tena kwa majivuno, ili stima ikirudi wateja wasingoje.

Akaifuta keshi. Tovuti ikafunguka, picha ya kwaya juu kabisa, Luseno katikati akicheka. Phelister aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Alimkuta Luseno kwake akianua nguo. Akamweleza yote bila kujitetea, akamwomba msamaha.

"Mama Mitchelle, uko sure?" Luseno aliuliza.

"Kabisa. Ni mashine yangu. Si wewe."

Luseno akaketi kwenye ngazi, nguo zikiwa bado mikononi. Phelister alingoja atukanwe, na angekubali.

"Mimi nilikuwa nimeanza kuamini ni mimi," alisema. "Simu nimeachia Amondi wa hapo juu tangu jana. Niliona labda huwa naamka na usingizi nacheza, alafu nasahau."