Mgonjwa wa Kwanza wa Ruashi

Nilitoka Kalemie kwa sababu ya redio. Mbunge mmoja alitangaza kwamba amejenga nyumba ya kutibu waliotekwa na pombe kule Lubumbashi, mtaa wa Ruashi: vitanda, dawa, daktari, yote bure. Mdogo wangu Kyungu ni fundi cherehani kule kule Lubumbashi, mtaa wa Kamalondo. Lutuku, ile pombe kali ya mahindi, ilikuwa imemla mpaka hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Nikafunga mzigo. Mjinga mimi, niliamini.

Asubuhi nilishuka uwanja wa ndege wa Luano, nikaenda moja kwa moja Kamalondo. Mke wake, Mama Odette, alinipokea akilia, akiniita yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya, tangu alisikia unakuya, hakugusa kintu." Kyungu alikuwa amenyoa, amevaa shati la misa, mikono inatetemeka vibaya. "Yaya, twende mbio," akasema, "mbele shetani arudie."

Ruashi tulikuta jumba lenye rangi mbichi na viti vya plastiki vimepangwa uani. Kumbe siku hiyo ndiyo uzinduzi! Nikachungulia dirishani: vyumba vitupu. Muuguzi mmoja akanivuta pembeni. "Mama, kitanda haiko, dawa haiko. Banapaka tu rangi." Akaitazama mikono ya Kyungu. "Uyu asiache gafula vile bila dawa. Anaweza anguka kifafa, hata kufa. Mungojee Honorable, mbunge mwenyewe, mumuulize."

Tukangoja juani. Mheshimiwa alipofika, alishika kipaza sauti. "Kulewa haiko bugonjwa! Ni kukosa nia. Muntu akitaka kuacha, anaacha leo leo!" Watu wakapiga makofi. Lo! Sasa hiyo nyumba ya dawa aliijenga ya nini?

Halafu ikaja desturi. Kwetu, mkubwa akikusanya watu haondoki bila kuwanywesha, hata awe anazindua makaburi. Kreti za bia zikashushwa pale pale, mlangoni pa nyumba ya kutibu walevi. Mheshimiwa mwenyewe akafungua chupa, akampa Kyungu mbele ya kamera. "Kunywa, ndugu." Na kukataa kitu kutoka mkono wa mkubwa ni kumtukana.

Kyungu aliipokea kwa mikono miwili. Nikaona koo lake linameza mate. Akainama, akamwagia bankambo, wazee wetu waliokufa, kama tunavyofanya sote kabla ya kunywa. Ila sisi humwaga kidogo tu. Yeye alimwaga mpaka chupa ikakauka.

"Bankambo yangu iko bengi, Honorable," akasema.

Watu wakacheka, mheshimiwa kuliko wote.

"Na kitanda yangu iko wapi?"

Muziki ukaongezwa sauti.

Kesho yake nilirudi naye Kalemie, roho mkononi njia nzima. Masista wa zahanati yetu wakampa dawa na kitanda, katika chumba ambacho rangi yake ilishabanduka zamani. Hawakumuuliza habari ya nia.

Jumapili nilikuwa nimekaa naye, redio inaongea. Tukamsikia mheshimiwa: nyumba yake imekwisha kumponya mlevi wa kwanza, fundi wa Kamalondo, siku ile ile ya uzinduzi, bila dawa hata moja. Nilitukana, masista wanisamehe. Kyungu alikuwa anajaribu kunywa uji, kikombe kinagonga meno.

"Yaya, acha matusi," akasema. "Kuko bantu banasikia ile redio. Sasa hivi banafunga mizigo."