Kipimo Kilichobaki Jikoni

Mume wangu alikuwa mpiga picha wa mabomba. Picha zenyewe hupigwa kwa mionzi, ili ionekane kama fundi wa kuchomelea ameacha ufa ndani ya chuma. Nilikuwa namtania, "Wenzako wanapiga maharusi, wewe unapiga bomba!"

"Bomba halinuni likitoka vibaya," ananijibu.

Kazini walitakiwa kuvaa kipimo kifuani, cha kuonyesha mionzi iliyowapata. Kikizidi, unasimamishwa. Basi wengi wao walikuwa wanakiacha nyumbani. Cha kwake kilining'inia jikoni kwangu, kwenye msumari mmoja na aproni yangu, mpaka siku ya kukipeleka kazini kisomwe.

Siku moja chembe ya chuma inayotoa hiyo mionzi ilikwama ndani ya mpira inamopitia, ikagoma kurudi katika sanduku lake. Akaukamata mpira kwa mkono, akautikisa. Hakusikia joto wala maumivu. Baada ya siku kadhaa vidole vikawa vyekundu, vikavimba, vikatoka malengelenge kama ya mafuta ya moto.

Msimamizi wake alitufuata hospitali. "Kipimo chake tumekisoma, ni safi. Huyu kaungua kwa mafuta huko nyumbani. Shemeji, mligombana?"

Maneno hayo yalifika mtaani kabla yangu. Jirani niliyemlelea watoto wake aliniona napita, akamwambia mwenzake, "Ficha sufuria, anakuja!" Wifi yangu naye akaacha kula kwangu.

Mume wangu akikubali kuwa ni mafuta, kazi anabaki nayo. Mimi nabaki na jina la mke aliyemmwagia mumewe mafuta, na daktari anatibu ugonjwa mwingine kabisa.

Msimamizi aliporudi hospitali, daktari akamuuliza mume wangu mbele yetu sote, "Baba, uliungua na nini?"

Akamtazama msimamizi, halafu akanitazama mimi. Sikumbembeleza. Nilimkunjia tu shuka miguuni.

"Mke wangu hata chai hunipozea kwanza," akasema. "Nilishika mpira wa mionzi. Kipimo kilikuwa jikoni kwake. Hicho mlichosoma, bosi, kimepima maharage."

Daktari akabadilisha matibabu saa hiyohiyo. Hata hivyo vidole viwili viliondoka, na kazi ikaondoka navyo. Jirani hajaniomba radhi mpaka leo, na mimi sijasahau.

Lakini jioni mume wangu hukaa mlangoni, mkono mbovu mapajani, na akimwona jirani huyo anapita, anapaza sauti: "Mama, niletee chai! Ya moto kabisa!"

Nampelekea. Naipoza kwanza.