Mafungu Matatu na Karatasi Moja

Marehemu mume wangu, mwalimu wa hesabu, alisahihishia mitihani kwenye meza ya kulia chakula, nami miaka yote ya ndoa yetu nilikula sahani ikiwa mapajani. Mungu hakutujalia watoto; karatasi za watoto wa watu ndizo zilizojaza nyumba. Nikilalamika, alinijibu bila kuinua macho, "Subiri kidogo, mke wangu. Huyu hajakosea ovyo, amekosea kwa mpango." Akacheka peke yake, akaiweka karatasi kwenye fungu lake.

Moyo wake ulisimama ghafla, wakati wa likizo. Mezani yalibaki mafungu matatu, na karatasi moja peke yake chini ya kikombe chake.

Baada ya mazishi, wifi yangu alikuja na gunia.

"Wifi, tuzitie humu. Wageni wanywee chai wapi?"

"Wanywe wamesimama."

"Makubwa! Hivi kaka yangu alikuoa wewe au alioa meza?"

"Alianza na meza. Mimi ni mke mdogo."

Tulicheka, kisha tukalia. Lakini gunia nililikataa. Mafungu yale yakivurugwa, kazi yake ya mwisho ingepotea bila mtu kuielewa, naye angekuwa amekufa mara mbili.

Shule zilipofunguliwa, alikuja mwalimu mkuu na binti mmoja, mwalimu mpya aliyepewa darasa la marehemu. Binti akafunua fungu la kwanza.

"Pole, mama, hizi zimechanganyika. Mwenye tisini yuko na mwenye ishirini."

"Hakupanga kwa alama, mwanangu. Alipanga kwa kosa. Kosa gani, sikuwahi kumwuliza."

Walitazamana, wakavuta viti.

"Ahaa!" binti akasema. "Hawa wakijumlisha sehemu, wanajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Mwenye tisini kajikwaa hapo tu."

"Na hawa wakikuta sifuri katikati ya namba, wanairuka kama dimbwi," mwalimu mkuu akasema juu ya fungu la pili.

"Hawa wa mwisho hesabu wanaziweza. Swali la maneno ndilo hawalisomi mpaka mwisho."

Walibishana, wakanyang'anyana karatasi, wakasahau kuwa ni nyumba ya msiba. Nilikaa pembeni nikisikiliza. Nyumba ilikuwa haijasikia sauti kama hizo tangu aondoke.

Mwalimu mkuu akainua kikombe, akaichukua karatasi iliyokuwa chini yake. "Huyu kakosa yote. Wa kurudia darasa."

Binti akaigeuza karatasi. Nyuma mtoto alikuwa amechora mikate na kuikata vipande, kila swali na mkate wake, mgawo sawasawa kabisa.

"Anajua," binti akasema taratibu. "Kuandika ndiko hakumjii. Mwalimu alimtenga ili aanze naye."

Mwalimu mkuu akavua miwani. "Basi nawe anza naye."

Nilisema alhamdulillahi moyoni.

Waliondoka na mafungu, kila moja limefungwa uzi wake. Kikombe nikakiosha, meza nikaifuta. Jioni nilimwombea, nikapakua chakula, nikaketi. Meza yote ilikuwa yangu. Sahani niliipakata mapajani.