Poseidoni wa Kishanda

Mimi kukaa nimetulia sikuwahi kujua. Darasani mguu wangu wa kulia ulikuwa unatikisika mpaka benchi zima linatetemeka, wenzangu wanaandika kama wamepanda lori. Kitu kimoja tu kilikuwa kinautuliza: somo la Wayunani.

Mwalimu wetu pale Kishanda alikuwa Mhaya wa Kanazi, Mlutheri wa kweli, kaptula imepigwa pasi mpaka ungeweza kumenyea ndizi. Lakini akianza habari za miungu ya Wayunani anasahau kengele. Wanakula, wanagombana, wanaibiana wake. Mmoja alikuwa mkubwa wa bahari, Poseidoni, akikasirika anapiga mawimbi na kutetemesha nchi. Halafu akatuambia juu ya mfalme kijana wa Makedonia, aliyetoka kwao na jeshi akateka Misri, akateka Uajemi, akafika mpaka Uhindi, na bado hatulii. Huyo nikampenda. Angefaa kukaa benchi langu.

"Misri hakuvunja nyumba za miungu ya watu," mwalimu akasema. "Aliingia, akatoa sadaka, na Wayunani wakaipa miungu ile majina ya kwao. Ndivyo mambo yao yalivyoenea. Hata Agano Jipya limeandikwa kwa lugha yao."

Mwenzangu mmoja akauliza, "Mwalimu, Wayunani ndio Wagiriki? Kama yule wa Bukoba anayenunua kahawa?"

"Ndio hao hao."

Tukashangaa. Yule alikuwa na tumbo, na lori lake lilikuwa linasukumwa.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, huyo Poseidoni na Mugasha wetu, mkubwa wa ziwa na upepo, wakipigana nani anashinda?"

Darasa likalipuka. Mwalimu hakucheka.

"Poseidoni ni historia. Mugasha ni shetani. Na wewe najua umemtoa wapi."

Kila mtu alijua. Bibi yangu, ndiye aliyenilea, alikuwa na kibanda cha Mugasha kati ya migomba, kadogo ka nyasi, mtu anaingia kwa magoti. Upepo ukianza kuangusha migomba, hata wazee wa kanisa walikuwa wanampitia bibi awaombee kwa Mugasha, kwa njia ya nyuma.

"Usirudi hapa mpaka kibanda kile kimebomolewa," mwalimu akasema. "Jumamosi nakuja kuona mwenyewe."

Na mtihani wa darasa la nne, ule wa kuchagua wachache wa kuendelea, ulikuwa umekaribia. Nisipoufanya, basi, mimi na jembe mpaka kufa. Nikibomoa, bibi ananiangalia vipi? Nilizunguka kibanja chetu cha migomba siku hizo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Bibi alisikia habari, akaendelea kupalilia maharage. Afadhali angenipiga.

Ijumaa nikachukua ubao wa sanduku la sabuni, nikaandika kwa mkaa herufi kubwa, POSEIDONI, nikautundika juu ya mlango wa kibanda.

Bibi akasimama na jembe lake. "Hilo jina la nani?"

"La mgeni, bibi. Mgiriki."

"Anakunywa rubisi?"

"Wagiriki? Pombe wanaipenda sana."

"Basi akae. Lakini asimsukume Mugasha mwenyewe."

Jumamosi mwalimu akafika, jasho linamtoka, maana kutoka shuleni kwetu ni kilima juu ya kilima. Akausoma ubao. Akausoma tena.

"Hii nini?"

"Mwalimu, ni somo lako. Nimeingia, sikuvunja, nimebadilisha jina. Kibanda nimeshakiteka."

Mdomo wake ulianza kucheka, akaurudisha. Akakaa kwenye jiwe mlangoni pa kibanda, akaanza kunisema: kwamba mimi nina akili ya kuwashia moto, kwamba mfalme yule hakuwa na mtihani wa kufanya. Pembeni yake kulikuwa na kikapu kidogo cha akamwani, zile buni zetu za kuchemsha na majani na kukausha, ambazo mgeni anapewa kabla ya neno lolote. Mhaya akiona akamwani karibu yake, mkono unakwenda wenyewe. Wa mwalimu ukaenda. Akatia mdomoni, akatafuna, akaendelea kunisema.

Bibi akatoka ndani na kikapu kingine, kile cha wageni. Akasimama.

"Waitu, mwalimu! Kumbe umeshakaribishwa."

Mwalimu akaacha kutafuna. Akakiangalia kikapu cha pale mlangoni, akauangalia mlango, akauangalia ubao. Alikuwa amekula buni za Mugasha. Kuzitema? Kutema akamwani nyumbani kwa mtu ni kumwambia kwamba wewe ni adui yake, na mwalimu alizaliwa kwa Wahaya, sio Makedonia. Shavu likabaki limevimba.

"Nasikia umekuja kubomoa," bibi akasema, amepiga magoti kwa heshima zote. "Umekula kwa mwenye nyumba, sasa unambomolea? Mwanangu, kwenu Kanazi ndio mnafanya hivyo?"

Akameza. Nililiona koo likipanda na kushuka.

"Jumatatu uje shule," akaniambia, akashika njia bila kuaga.

Nikaenda. Mwalimu akasema, "Kaa. Leo tunasoma kupogoa mibuni." Na Wayunani hatukuwasikia tena mpaka mtihani. Nilimwacha mfalme wangu Uhindi, askari wamechoka, hawataki kwenda mbele, na mguu ukarudia kutikisika mara mbili ya zamani.

Mtihani niliufanya, nafasi ya darasa la tano sikupata. Kibanda kipo, ubao mvua imeufuta. Mimi nikaenda Bukoba kubeba magunia ya kahawa, na siku ya kwanza tu nikamfuata yule Mgiriki kwenye mizani.

"Bwana, yule mfalme wenu kijana aliyeteka nchi za watu mpaka Uhindi. Alirudi kwao?"

Akaniangalia kama mtu aliyeitwa jina la utotoni. Akatoa kofia, akafuta upara, akaliangalia ziwa.

"Kwao?" akasema. "Mimi mwenyewe sijarudi. Pandisha gunia."