Dhahabu Iliyodhaniwa Shaba

Siku mchumba wangu aliponiletea pete ya marehemu mama yake, shangazi yangu alinishika mkono, akanivuta hadi dirishani, akaitazama pete kidoleni mwangu na kusema neno moja tu: "Shaba."

Tulikuwa tunakaa Bwiza, mtaa wa Buja, mimi na shangazi, katika ile miaka ya vita ambapo nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka na kila kitu mjini kilikuwa adimu, kuanzia sukari hadi viberiti. Shangazi ndiye aliyenilea. Nyumbani sote tulimwita Tantine, na katika ukoo wetu hakuna aliyeoa wala kuolewa bila yeye kukubali.

Mchumba wangu alikuwa fundi wa redio. Yeye na mama yake walikimbia mtaa wa Kamenge siku watu walipoambiwa wahame, wakiwa na mkeka na mfuko wa vyombo vyake vya kazi. Baba yake alirudi nyuma kuchukua karatasi za kiwanja, na hakuonekana tena. Mama naye aliugua akafa mwaka uliofuata. Kitu pekee alichomwachia mwanawe ni ile pete.

Ilikuwa nyekundu kweli. Nyekundu ya tofali lililoiva vizuri, yenye mng'ao wa upole. Sisi dhahabu tuliyoijua ilikuwa ya njano, kama zile bangili za wanawake wa Kiarabu zilizotufanya tugeuze shingo sokoni.

"Mi nasema hii ni shaba," Tantine alirudia. "We mutoto hauone? Wiki mbili tu kidole kitakuwa kijani."

"Baba yake aliinunua Urusi, Tantine, wakati anasoma huko. Zilikuwa mbili, yake na ya mkewe."

"Basi Warusi walimudanganya."

Mchumba wangu alikuwa amekaa pale pale, kikombe cha chai mkononi. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na habari za baba yake hakuwa akizigusa kabisa. Aliweka kikombe chini. "Twende kwa sonara," alisema. "Akisema ni shaba, mama, nitaondoka na sitawasumbua tena."

Nilitaka kusema kwamba mimi nampenda hata na pete ya waya. Mbele ya Tantine maneno kama hayo hayakuwa yakitoka.

Sonara aliyejulikana zaidi Buyenzi, mtaa wa jirani, wakati huo alikuwa mwanamke. Ukoo wake ulikuwa wa Waarabu wa Omani waliopitia Ujiji zamani sana, na kazi alifundishwa na baba yake, ambaye hakuwa na mtoto wa kiume na hakutaka ufundi wake ufe. Alikuwa na miaka hamsini hivi. Alijifunga mtandio mweusi, na miwani yake ilikuwa na mkono mmoja. Upande wa pili aliufunga kwa uzi. Vidole vyake vilijaa alama za moto, lakini alivyoishika pete ile, ungedhani ameshika yai.

Tantine hakungoja salamu ziishe. "Mwambie huyu kijana ukweli."

Sonara alichukua jiwe jeusi, laini kama sabuni, akasugua pete juu yake hadi ikaacha mstari mwekundu. Pembeni yake akasugua kipande cha waya wa shaba. Mistari miwili, rangi karibu moja. Kisha akafungua chupa ndogo ya asidi, akachovya kijiti cha kioo na kukipitisha juu ya yote miwili.

Mstari wa shaba ulichemka, ukageuka kijani, ukapotea. Ule wa pete ulibaki pale pale.

Mimi nilikuwa nimeshikilia kiti cha mbele yangu. Sonara angeweza kucheka; watu wengi wangecheka. Badala yake alimgeukia shangazi yangu kwa heshima. "Umefanya vizuri kuuliza, dada yangu. Siku hizi wananiletea shaba kila wiki wakiapa ni dhahabu. Hii ni dhahabu. Shaba imo, ndiyo inayoipa wekundu, lakini dhahabu ndiyo nyingi zaidi."

"Kwa nini sasa waiharibu kwa shaba?" Tantine aliuliza, sauti imeshuka.

"Hawakuiharibu. Dhahabu tupu ni laini, ukivaa kila siku inapinda. Lazima uichanganye na kitu. Utakachochanganya ndicho kitakachokupa rangi."

Akatoa kwenye mtoto wa meza kikuku cha waya kilichotungwa vipande vidogo vya dhahabu, kila kimoja kama ukucha wa kidole kidogo. Baba yake alikuwa ameviyeyusha kimoja kimoja, akivipanga kutoka njano ya yai hadi nyekundu ya udongo, kwa kuongeza shaba kidogo kidogo. Sonara aliisogeza pete kutoka kipande hadi kipande, akasimama kati ya viwili. "Yuko hapa," alisema. "Kati ya huyu na huyu." Aliongea kana kwamba anatafuta nyumba ya mtu anayemfahamu.

Hapo ndipo mchumba wangu alipouliza, polepole sana, kama inawezekana kutengeneza nyingine ya kufanana nayo. Ya mwanamume.

Sonara alimtazama. Nadhani alielewa kwamba ile ya baba ilipotea na mwenyewe. "Lete dhahabu na shaba safi," alisema. "Mi shaba yangu imekwisha, na mipaka imefungwa."

Dhahabu tulipata: vumbi kidogo la magendo kutoka Kongo, ambalo mchumba wangu alilipata kwa mfanyabiashara mmoja wa Gatumba, mpakani, badala ya redio yake nzuri kuliko zote. Shaba aliitafuta mwenyewe. Alifungua redio zilizokufa, akachomoa waya mmoja mmoja, akausafisha kwa kisu.

Baada ya siku nne sonara alituita. Kwenye meza palikuwa na kijiti kifupi chekundu, chenye rangi nzuri. Alikiweka juu ya fuawe, kile chuma cha kugongea, akakigonga mara moja kwa nyundo ndogo. Kikakatika kama biskuti.

"Kuna risasi ndani yake," alisema.

Mchumba wangu alirudi nyuma hatua nzima. Miaka ile neno hilo lilikuwa na maana moja tu mjini kwetu. Sonara aliona uso wake, akaweka nyundo chini haraka. "Apana, mwanangu, samahani. Nasema risasi ya kulehemu. Ile mnayoungia waya za redio. Ikiingia hata chembe, dhahabu inakatika."

"Basi kosa ni langu," alisema. "Mimi ndiye niliyeleta."

"Kosa ni langu. Nilitakiwa kuipima kabla ya kuyeyusha. Baba yangu angenichapa."

Mpaka leo nafikiria jambo hilo. Sonara angeweza kukiunganisha kile kijiti, akakizungusha kuwa pete, akakisugua kikang'aa, nasi tungekwenda zetu kanisani tukishangilia. Kingevunjika baada ya mwaka, na sisi tungelaumu vita, kama tulivyovilaumu kwa kila kitu. Mjini watu walikuwa wakiuza maziwa yenye maji na saruji yenye mchanga, wakisema ndivyo nyakati zilivyo. Yeye alikipiga nyundo mbele ya macho yetu.

Kukisafisha kulimchukua wiki nzima. Alitengeneza kikombe kidogo cha majivu ya mifupa, akayeyushia humo dhahabu ile juu ya mkaa. Risasi na shaba zikanywewa na majivu, na kilichobaki katikati kilikuwa kitone cha njano, safi. Mchumba wangu naye akapata mota ya pampu iliyoungua, ambayo waya wake wa ndani haukuwa na kiungo hata kimoja. Safari hii sonara alijaribu shaba peke yake kwanza, akaipinda na kuigonga huku na huku, ndipo akaridhika.

Alituruhusu tuwepo siku ya kuyeyusha. Tantine pia alikuja, akisema anapita tu kwenda sokoni, ingawa soko lilikuwa upande mwingine. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Sonara alipuliza moto kwa mrija, mashavu yake yakijaa na kupungua bila kukata pumzi, hadi dhahabu na shaba zikawa tone moja linalotetemeka ndani ya kikombe cha udongo.

Hapo ndipo milio ya bunduki ilipoanza, upande wa milimani kwanza, kisha karibu zaidi. Kitu kizito kiliangukia mahali fulani kuelekea Kamenge, na bati la paa likatikisika. Sisi watatu tulikuwa sakafuni kabla hata ya kufikiri. Tantine alinilalia mgongoni, uzito wake wote, akinong'ona sala.

Sonara hakulala chini. Kutoka sakafuni niliona miguu yake tu, kisha nikainua kichwa. Alikuwa amekishika kikombe kwa koleo, akamimina ndani ya kalibu, kile chombo cha kuipa dhahabu umbo, akasubiri. Aliangalia rangi ya ile dhahabu ikitoka weupe kwenda wekundu wa kaa linalofifia, kama vile ulimwenguni hakuna kingine cha kuangalia. Kisha akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Ikalia *shiii*. Ndipo akapiga magoti, akalala kando yetu, shavu kwenye saruji.

"Mama, ungekufa!" nilimwambia.

"Nyekundu haisubiri," alisema akihema. "Ukiiacha ipoe polepole inakuwa ngumu, inapasuka. Lazima maji, tena kwa saa yake."

Milio ilipokwisha tulichemsha chai. Sonara alipoinua chake, kikombe kiligonga meno yake. Tantine alikichukua, akamshikia anywe. Sikuwahi kumwona shangazi yangu akimnywesha mtu mzima.

Pete ilikuwa tayari siku chache baadaye. Sonara aliziweka zote mbili juu ya kitambaa cheupe, akatutoa nje kwenye jua na kumwambia Tantine achague ya zamani. Tantine aliinama, akazigeuza, akazipima kiganjani. Alichagua ile mpya. Akatucheka sisi, akajicheka na yeye.

Mchumba wangu aliivaa, akabaki ameitazama. Kisha akagonga meza kwa kidole, mara tatu, *ko ko ko*. "Baba alikuwa anafanya hivi," alisema, "akitaka chai. Mama alikuwa anakasirika, anasema, mimi si mhudumu wa hoteli. Lakini chai alikuwa anamletea." Akaendelea kusimulia tukiwa njiani kurudi, mambo ya baba yake ambayo sikuwahi kuyasikia: alivyoshona vifungo mwenyewe, alivyoimba vibaya Kirusi akinyoa ndevu. Nilitembea kando yake bila kumkatiza. Tantine, aliyekuwa mbele yetu, alipunguza mwendo ili naye asikie.

Tulifunga ndoa saa tatu asubuhi, mapema, ili wageni wawahi kurudi makwao. Kwenye kinywaji, ile karamu ya baadaye, nilimsikia Tantine akimweleza jirani kwamba dhahabu ya njano ni ya kawaida tu, kila mtu anayo, lakini hii yetu fundi wake ni mmoja tu Buja nzima.

Sonara alikuja. Alisimama karibu na mlango wa kanisa na mtandio wake mweusi, miongoni mwa watu asiowajua. Tulipofika kwake hakutupongeza kama wengine. Alishika mkono wa mume wangu, akaugeuza kwenye mwanga, akaangalia pete ndani na nje. Akaushika wangu, akafanya vivyo hivyo. Kisha akatabasamu.

"Haya nendeni," alisema. "Watu wanawangoja."